Nyundo, uma au pula: kuchagua njia ya kutoa viungo vya usukani vilivyochakaa kwenye gari la zamani

Kiungo cha usukani kilichochakaa kinakwenda kutupwa, kwa hiyo watu wengi huchagua njia ya kukitoa kwa kuangalia kasi tu: kipi kitakifyatua upesi. Kwenye gari jipya hesabu hiyo haina madhara makubwa, maana mkono wa usukani ukipinda unaagizwa mwingine. Kwenye gari la mwaka 1955 au 1968 mambo ni tofauti. Tairodi endi mpya (viungo vya gololi vya ncha za fimbo za usukani) bado zinatengenezwa kwa modeli nyingi za zamani. Lakini mkono wa chuma ambao tairodi inaingia, mkono wa pitimani (unaotoka kwenye boksi na kuisukuma fimbo) na stelingi boksi yenyewe (sanduku la gia za usukani) mara nyingi ni vilevile vilivyotoka kiwandani na gari, na vikiharibika vinaweza kukusumbua miezi kadhaa kuvitafuta. Ndiyo maana kila njia hapa chini naipima kwa swali moja: inakifanya nini kile kinachobaki kwenye gari?

Kinachoshikilia si nati peke yake

Shina la tairodi endi au la bolijointi (kiungo cha gololi kinachobeba gurudumu) si bolti ya kawaida. Limechongwa kwa mteremko, nene upande wa gololi na jembamba upande wa nati, na jicho la mkono, yaani tundu lake, limechongwa kwa mteremko uleule. Mara nyingi ni 1 kwa 8 au 1 kwa 10, yaani kipenyo hupungua milimita 1 kwa kila milimita 8 au 10 za urefu. Nati ikikazwa hulivuta shina ndani ya jicho, na vyuma hivyo viwili hubanana kiasi kwamba hata ukiitoa nati kabisa, shina linabaki palepale. Ongeza kutu ya miaka arobaini juu yake. Kuning'inia kwenye fimbo ya usukani na kuitikisa hakusaidii kitu, ilhali mshtuko mmoja mahali sahihi unaweza kuliangusha shina kwa sekunde moja.

Njia yoyote utakayoichagua, maandalizi ni yaleyale. Gari likae juu ya stendi mbili imara, si juu ya jeki peke yake, kwa sababu utaligonga na kulivuta. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Vaa miwani. Safisha nyuzi za shina kwa brashi ya waya na upulize mafuta ya kulegeza kutu jana yake, si dakika tano kabla. Toa kotapini (pini inayofungia nati); kama imekatika ndani, itoboe au isukume kwa pini nyembamba. Kisha legeza nati lakini iache ikiwa imeshika nyuzi mbili tatu. Shina likiachia huruka kwa nguvu, na nati hiyo ndiyo inayozuia fimbo isikupige usoni.

Wakati mwingine nati inazunguka pamoja na shina. Hapo weka jeki ndogo chini ya kiungo, kipandishe taratibu hadi shina libane tena kwenye jicho, halafu fungua nati ikiwa imebanwa hivyo.

Nyundo mbili au uma

Hizi ndizo njia mbili zinazobishaniwa zaidi, na kwa maoni yangu uma umependwa kupita unavyostahili.

Kwa nyundo mbili hulipigi shina hata kidogo. Unapiga jicho la mkono, kwa ubavu. Nyundo moja nzito, ya kilo 1.5 hadi 2, unaiegemeza upande mmoja wa jicho iwe fuawe. Ya pili, ya kilo 1 hivi, unaipiga upande wa pili, mkabala kabisa. Kila pigo hulifanya jicho kuwa la yai kwa nukta ya muda, mshiko unakatika, na shina linadondoka. Mapigo machache mazito yanafaa kuliko hamsini mepesi. Ukiwa na msaidizi anayeisukuma fimbo chini kwa mtaimbo wakati wewe unapiga, kazi inakwisha mapema. Buti ya raba haiguswi, nyuzi za shina haziguswi, na kwa kuwa nyundo ya pili inapokea pigo, mshtuko mdogo tu ndio unaosafiri kwenye fimbo kuelekea stelingi boksi.

Njia hii ina mipaka miwili. Inataka nafasi ya kurusha nyundo pande zote mbili za jicho, na inataka mkono wa chuma kilichofuliwa. Magari mengi ya zamani yana mikono ya namna hiyo, na ndiyo maana mafundi wa enzi hizo waliipenda. Mkono wa alumini au wa chuma cha kusubu usipigwe namna hii. Wa kusubu unaweza kupasuka ufa usioonekana kwa macho, na ufa kwenye usukani hautoi onyo.

Uma ni kabari yenye meno mawili. Unauingiza kati ya mkono na kiungo, unaupiga kwa nyuma, na unene wake unaongezeka hadi kiungo kinang'oka. Ni wa haraka, hauhitaji ustadi, na unafika mahali ambapo nyundo haizunguki. Lakini buti inachanika karibu kila mara. Kama unatoa tairodi nzima tu ili upate nafasi ya kazi nyingine, huku kiungo chenyewe bado kizima, uma umekuharibia kiungo kizima. Vilevile meno yake hulikwangua jicho upande wa chini, na mapigo yote unayoupiga yanaingia kwenye mkono na fimbo bila kitu cha kuyapokea. Kwenye gari lenye reki ya usukani (fimbo ya meno badala ya boksi), kama Morris Minor ya kuanzia 1948, Peugeot 404 ya 1960 au Jaguar E-Type ya 1961, mshtuko huo unaishia kwenye kiungo cha ndani cha reki na meno yake.

Ukiamua kutumia uma, chagua saizi. Seti za kawaida huwa na nafasi ya takriban milimita 18 kwa tairodi, 24 kwa bolijointi na 29 kwa mkono wa pitimani. Uma wenye nafasi kubwa kupita kiasi unasukuma kingo za kiungo badala ya kuegemea karibu na shina, unayumba, na hapo ndipo fimbo hupinda.

Mimi huuweka uma kwa hali moja: pale ambapo vitu vyote viwili, kinachotoka na kile kinachokishika, vinakwenda kutupwa. Mfano mzuri ni magari ya Marekani yenye stelingi boksi ambayo unabadilisha fimbo ya kati na aidla (mkono unaoshikilia fimbo hiyo upande wa pili) kwa pamoja. Hapo piga tu, hakuna cha kulinda isipokuwa boksi yenyewe, ambayo utakuwa umeshaitenga mapema kama nitakavyoeleza.

Pula ya mkasi na pula ya fremu

Pula hushinda pale ambapo unataka kiungo kitoke kizima au mkono haupaswi kupigwa. Inasukuma shina kwa bolti huku ikilishika jicho, bila kishindo chochote kwa boksi.

Ya mkasi ina taya mbili zinazofunguka kwa bolti iliyo nyuma. Inapita mahali pembamba na taya zake zinarekebishwa urefu, kwa hiyo pula moja inafaa tairodi ndogo na bolijointi kubwa. Udhaifu wake ni kwamba inasukuma kwa pembe; kadiri taya zinavyofunguka ndivyo inavyotaka kuteleza, na zile za chuma hafifu hupinda kabla ya shina kuachia. Ya fremu, ile ya kipande kimoja kilichochongwa kama herufi U, husukuma moja kwa moja kwenye mstari wa shina. Ina nguvu zaidi na haitelezi, lakini kila saizi ni pula yake, na kwenye magari mengi ya miaka ya 1950 jicho la mkono ni nene kiasi kwamba mdomo wa fremu haupiti. Pima unene wa jicho kabla ya kununua. Kama unaweza kuwa na moja tu, chukua ya mkasi iliyofuliwa vizuri.

Kuna mambo mawili ambayo hutofautisha pula inayofanya kazi na pula inayoharibu. La kwanza, igeuze nati ya taji (ile yenye mifereji ya kotapini) juu chini, uso wake bapa ukiwa nje, na uizungushe hadi iwe sawa na ncha ya shina. Hivyo bolti ya pula inaegemea nati na shina kwa pamoja na nyuzi hazivimbi. La pili, usikaze hadi mwisho wa nguvu zako. Kaza hadi pula iwe imebana sana, halafu lipige jicho kwa ubavu mara moja mbili. Pula inavuta, nyundo inakata mshiko, na shina linaachia kwa mlio mkali. Ukiniuliza njia moja ya kuanza nayo kwenye mkono wa chuma uliogoma, ni mchanganyiko huu, si pula peke yake wala nyundo peke yake.

Mkono wa pitimani: hapa sina mjadala

Mkono wa pitimani una shimo la meno linalokaa kwenye shafti inayotoka chini ya stelingi boksi. Ndani ya boksi, ng'ambo ya shafti hiyo, kuna parafujo na mara nyingi gololi zinazozunguka juu yake. Ukiupiga mkono huo kwa nyundo au kuupiga uma nyuma yake, kila pigo linagonga beringi na njia za gololi. Boksi itafanya kazi siku hiyo. Baadaye usukani utaanza kushika-shika katikati, mahali hasa unapoendeshea muda mwingi, na hakuna marekebisho ya nje yatakayoondoa mashimo madogo yaliyochimbika.

Kwa hiyo ni pula ya pitimani tu, ile nzito yenye taya mbili na bolti ya katikati. Kabla ya chochote, piga alama kwa tindo au pini kwenye shafti na kwenye mkono, zikiwa mkabala. Baadhi ya shafti zina jino pana linaloruhusu mkono uingie kwa namna moja tu, nyingine hazina, na jino moja tu likikosewa usukani hautakaa katikati tena. Nati yake hukazwa kwa nguvu kubwa kuliko zote za mfumo huu. Unapoifungua, uzuie mkono wenyewe kwa mtaimbo. Usiuache ugeuke hadi boksi igonge kikomo chake cha ndani, na usitegemee kufuli ya usukani ikushikie.

Mkono ukigoma, acha pula ikiwa imebana na uende kufanya kazi nyingine. Ukirudi kaza robo mzunguko, uguse ubavu wa jicho kwa nyundo ndogo, uache tena. Nimeona mikono ikiachia usiku yenyewe, ikakutwa asubuhi imelala sakafuni pamoja na pula. Ndiyo maana nati ya pitimani nayo huachwa ikiwa imeshika nyuzi chache. Na kama unachobadilisha ni tairodi tu na mkono wa pitimani ni mzima, usiuguse; tenganisha fimbo kwenye kiungo chake na uache boksi ipumzike.

Land Rover za Series, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina kitu cha ziada: rilei ya usukani (shafti ya wima inayopokeza mwendo wa usukani) iliyosimama ndani ya mhimili wa mbele wa chasisi. Ugumu wake ni wa namna mbili. Kwa nje hushikana na chasisi kwa kutu, na hapo uvumilivu wa mafuta ya kulegeza na jeki inayosukuma polepole kutoka chini ni bora kuliko nyundo kubwa, kwa kuwa nyundo inapasua kingo za rilei. Kwa ndani ina springi nzito iliyobanwa sana. Ukiivua bila kuifunga ndani ya gunia au kuizuia kwa bomba na kamba, springi hiyo inaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kama huna haja ya kuifungua, badilisha rilei nzima.

Moto na grainda

Moto unapanua jicho na unayeyusha mshiko wa kutu. Hakuna anayekana kwamba unafanya kazi. Tatizo ni kile kinachobaki. Mkono wa usukani umefuliwa na kupozwa kwa kiwango maalumu ili uwe mgumu bila kuwa mkavu, na ukiupasha hadi uwe mwekundu unakuwa umefuta kazi hiyo. Kwa macho utaonekana uleule. Zaidi ya hapo, kiungo kilichofungwa chenye grisi ndani kinaweza kupasuka kikipata moto, buti huungua, na mabomba ya breki na ya petroli yako jirani. Sehemu pekee ninayokubali moto ni kwenye mrija wa kurekebishia tairodi ambao nao utatupwa, tena ukiwa umetolewa kwenye gari na kufungwa kwenye jiriwa.

Grainda inafaa kuliko sifa yake, ikitumiwa kwa nati na si kwa mkono. Nati iliyooza ipasue kwa wima, sambamba na shina, ukiacha ganda jembamba kabla ya kufika kwenye nyuzi, kisha malizia kwa tindo. Unaharibu nati na shina, vyote vya kutupwa, bila kugusa jicho. Lakini hapo umepoteza ile nati ya kuzuia shina lisiruke, kwa hiyo funga kiungo kwa mnyororo au kamba nene kabla ya kuweka pula.

Bolijointi na kingipini

Bolijointi ya chini kwenye gari lenye springi ya mzunguko ni kazi tofauti na tairodi, hata kama shina linafanana. Springi ile inausukuma mkono wa chini kwa uzito wa gari. Jeki lazima iwe chini ya mkono huo, imeubeba, kabla hujalegeza nati, na ibaki hapo hadi springi ilegezwe kwa utaratibu. Njia yoyote unayoipenda inakuja baada ya hilo.

Shina likishatoka, inabaki kutoa ganda la bolijointi kwenye mkono wake. Chevrolet nyingi za zamani zilitoka kiwandani na bolijointi za juu zilizofungwa kwa rivet. Hapa chaguo ni grainda au drili. Grainda inakata kichwa upesi lakini ukiteleza mara moja unachimba bati la mkono wa juu. Drili ni ya taratibu: toboa katikati ya rivet kwa kipande chembamba, ongeza ukubwa, kisha kichwa kinanyanyuka kwa tindo na tundu linabaki saizi yake, tayari kwa bolti zinazokuja na kiungo kipya. Mimi nachagua drili.

Volkswagen Beetle ilikuwa na kingipini (pini nene ambazo gurudumu hugeukia) na pini za kuunganisha hadi modeli ya 1965. Kuanzia modeli ya 1966 ikaja na bolijointi zilizoshindiliwa kwenye mikono. Hizo za baadaye zinataka presi, na mikono inabidi ing'olewe. Kuzigonga kwa nyundo zikiwa garini kunapanua tundu, na bolijointi mpya ikiingia kwa ulegevu hakuna dawa isipokuwa mkono mwingine. Unapoingiza mpya, angalia alama ya mfereji iliyo kwenye ganda ioane na ile ya mkono.

Kingipini zilizoshikana ndizo zinazokatisha tamaa zaidi. Ford za Marekani, zile ndogo za abiria, zilikuwa nazo kwenye ekseli ya mhimili mmoja hadi 1948. Kabla ya kugonga chochote, itafute pini ndogo ya kufungia inayopita kwa ubavu na uitoe. Kingipini iliyopigwa huku pini hiyo ikiwa ndani hupasua mhimili. Kisha chagua: nyundo nzito chini ya gari, au kung'oa mhimili wote na kuupeleka kwenye presi kubwa. Nyundo inafaa kwa mapigo kumi au kumi na mbili ya kwanza, kwa pini ya shaba nyeusi au chuma laini katikati. Isipoenda, acha. Kichwa cha kingipini kikishavimba hata presi itapata taabu. Kung'oa mhimili kunaonekana kazi kubwa, lakini mhimili ulionyooka una thamani kuliko siku mbili ulizookoa.

Urefu wa fimbo na kile kilichobaki

Tairodi endi ikishatoka kwenye jicho bado imefungwa kwenye fimbo, upande mmoja kwa nyuzi za kawaida na upande wa pili mara nyingi kwa nyuzi za kushoto. Wengi huhesabu mizunguko wakati wa kuifungua. Ni afadhali kupima kutoka katikati ya shina moja hadi katikati ya shina la pili na kuandika namba hiyo, kwa sababu kiungo kipya kinaweza kuwa kirefu au kifupi kuliko cha zamani na hesabu ya mizunguko ikakudanganya. Kipimo hicho kitakufikisha salama kwenye mashine ya alaimenti, hakichukui nafasi yake.

Kabla ya kufunga, lisafishe jicho na ulipake wino au rangi ya kalamu ndani. Ingiza shina jipya likiwa kavu, lizungushe kidogo, litoe. Wino ukifutika kwa urefu wote wa jicho, mteremko ni mzima. Ukifutika kwenye mstari wa duara juu au chini tu, jicho limepanuka au kiungo ulichopewa ni cha mteremko mwingine, na hakuna nguvu ya nati itakayolirekebisha. Tafuta kiungo sahihi, au mkono. Wino ukiwa mzuri, kaza nati hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tundu la kotapini lisipolingana na mfereji wa nati, endelea kukaza hadi vilingane, usirudishe nyuma, kisha tia kotapini mpya na uikunje.